Kibao cha Kijani Kinachovuta Kuliko Injini

Nianze na kibao cha namba. Najua mmekuja kusikia habari za betri, mwendo na skrini, na zote zinakuja, tena kwa pupa. Lakini subirini kidogo. Gari la majaribio lilikuwa limeegeshwa nje ya duka la magari ya XPeng, pale wilaya ya Tianhe, jijini Guangzhou, China, limeoshwa likatakata, na mimi nikaenda moja kwa moja nyuma yake, nikachuchumaa, nikakipiga picha kibao. Juu cheupe, kinashuka kikikolea ukijani hadi chini. Kijana wa mauzo alinikodolea macho. Wageni hupiga picha wakiwa wameshika usukani. Huyu Mbongo anapiga picha bati la serikali!

Aisee, lile bati ndilo kifaa chenye nguvu kuliko vyote kwenye gari lile. Halina waya, halina programu, halichajiwi, na bado ndilo lililonyamazisha barabara za Guangzhou.

Lisomeni nami. Herufi ya kwanza ni ya Kichina, inawakilisha mkoa wa Guangdong. Inafuata A, yaani Guangzhou yenyewe. Kisha, kwa kawaida, D kwa gari la umeme mtupu, au F kwa lile lenye betri ya kuchaji na injini pia. Jumla alama nane, moja zaidi ya namba za bluu za magari ya petroli. Kibao hiki kilianza kutolewa Desemba 2016 katika miji mitano ya majaribio, kisha kikasambaa nchi nzima. Simama dakika chache kwenye makutano yoyote ya Tianhe, hesabu za bluu na za kijani zinazopita, utachoka kuhesabu za kijani.

Kwa nini watu wanakigombania hivyo? Usiku wa tarehe 30 Juni 2012 jiji lilitangaza kwamba kuanzia saa sita ya usiku huohuo namba mpya za magari madogo zitakuwa na kikomo: 120,000 kwa mwaka, basi. Waliopata habari walikimbilia maduka ya magari usiku uleule, wakifukuzana na saa. Tangu hapo ukitaka gari la petroli Guangzhou una milango miwili. Mmoja ni bahati nasibu: unajiandikisha, unasubiri, hukupata, unajaribu tena mwezi ujao. Wa pili ni mnada, na mnada unaanzia yuani 10,000. Hiyo ni ya namba tu! Gari bado hujalinunua, mafuta bado hujatia. Tangu 2019 jiji limekuwa likiongeza nafasi na kulegeza masharti, lakini mlango ungali mlango.

Sasa sikilizeni utamu. Tangu mpango ule unaanza, sehemu moja katika kumi ya namba ilitengewa magari ya nishati mpya, jina ambalo serikali ya China inayapa ya umeme, ya kuchaji yenye injini, na ya hidrojeni. Baadaye hata ile foleni yao ikaondolewa. Ukinunua la umeme unasajili, unafunga kibao, unaondoka. Jirani yako wa petroli bado anaomba Mungu ashinde bahati nasibu.

Nimeifikiria mbinu hii nikiwa kwenye metro, nikiwa nakula, nikiwa nahangaika na mizigo mtaani Xiaobei, na kila mara natikisa kichwa kwa mshangao. Kwenye kibao hiki hazina ya serikali haikutoa hata senti. Jiji lilifanya kitu kiwe adimu, kisha likakitoa bure kwa anayefanya linachotaka. Huo ndio msaada wa serikali nilioufuata huku, na nasema bila kusita kuwa ni bora kuliko ruzuku nyingi za fedha taslimu nilizowahi kusoma habari zake.

Haya, gari! Linaitwa MONA M03. Lilizinduliwa Agosti 2024 na XPeng, kampuni iliyozaliwa hapahapa Guangzhou mwaka 2014, na sasa hisa zake zinauzwa New York na Hong Kong. Bei ya kuanzia ilipozinduliwa: yuani 119,800. Chini kidogo ya dola 17,000 za Marekani. Kwa gari jipya, refu la mita 4.78, lenye buti la lita 621! Kwa pesa hiyo, kwenye yadi zetu za Dar unapewa kitu kilichokwisha kuendeshwa na Mjapani mmoja na Mjapani mwingine.

Mimi sikuliendesha. China haitambui leseni zetu wala ile ya kimataifa, kwa hiyo nilikaa kiti cha abiria na kijana wa mauzo akashika usukani. Na labda ndiyo heri, maana mikono yangu ilikuwa huru kushika kila kitu. Skrini ya inchi 15.6 katikati. Vitufe vichache mno, hilo silipendi. Mtu akitaka kuongeza kiyoyozi asilazimike kuondoa macho barabarani. Paa la kioo. Umbo limelainishwa hadi kipimo cha kukata upepo kikafika 0.194, na ndiyo maana betri ndogo inalisukuma mbali: kilomita 515 kwa toleo la chini, 620 kwa lile la masafa marefu zaidi, kwa kipimo cha Kichina ambacho kina ukarimu wake. Mimi ningepunguza robo, na bado kwa lile la 620 ningetoka Dar hadi Morogoro na kurudi bila kutafuta chaja.

Lakini mwendo! Taa ilipogeuka kijani hakukuwa na ule mngurumo wa kujiandaa, wala gia kubadilika, wala mtikisiko. Tulikuwa tumesimama, kisha hatukuwa tumesimama. Nilicheka kwa sauti. Kijana naye akacheka, nadhani kwa heshima.

Sasa tuingize serikali ndani ya bei, maana hapo ndipo mchambuzi wa magari wa kawaida huishia njiani. Mnunuzi wa gari China hutozwa kodi ya manunuzi ya asilimia 10, ikipigwa kwenye bei kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Kwa M03 ya bei ya chini hiyo ni kama yuani 10,600. Kuanzia Septemba 2014 magari ya nishati mpya yalisamehewa yote. Kwa 2024 na 2025 msamaha ukawekewa kikomo cha yuani 30,000 kwa gari, na sheria ileile ikaeleza mapema kuwa 2026 na 2027 msamaha unakuwa nusu. Mnunuzi alijua miaka miwili kabla. Kiwanda kilijua. Hilo la kutangaza mwisho wa msaada kabla haujaisha linanifurahisha karibu sawa na lile gari.

Juu ya hapo, mwaka 2024 serikali kuu ilianzisha malipo kwa anayepeleka gari lake kuukuu likavunjwe na kununua jipya. Ilianza na yuani 10,000 kwa la nishati mpya, na kufikia Agosti mwaka huohuo ikapandishwa hadi 20,000. Jumlisheni wenyewe: kodi iliyosamehewa, malipo ya gari kuukuu, na kibao kisicho na mnada. Kwa mkazi wa Guangzhou mwenye mkweche wa kutupa, mwaka 2024 gari la yuani 119,800 lilianza kuonekana la bei ya kupewa.

Mashine hii ya misaada haikuanza jana. Mwaka 2007 Wan Gang, mhandisi aliyewahi kufanya kazi Audi huko Ujerumani, aliteuliwa kuwa Waziri wa Sayansi na Teknolojia. Hesabu yake ilikuwa ya ujanja: kwenye injini za petroli Wachina wangewafukuza Wajerumani na Wajapani miaka na miaka bila kuwafikia, ila kwenye betri kila mtu alikuwa bado yuko kwenye mstari wa kuanzia. Mwaka 2009 ukaja mpango wa Miji Kumi, Magari Elfu. Guangzhou ikaingia kwenye kundi la pili, 2010, mwaka uleule ilipoandaa Michezo ya Asia. Katika miji michache ya majaribio mnunuzi binafsi aliweza kupata ruzuku ya hadi yuani 60,000 kutoka serikali kuu. Fedha hizo zikapunguzwa ngazi kwa ngazi hadi zikakatwa kabisa tarehe 31 Desemba 2022.

Na soko likafanya nini ruzuku ilipokatwa? Likakimbia zaidi! Mwaka 2020 magari ya nishati mpya yalikuwa kama matano tu katika kila mia mapya yaliyouzwa China. Mwaka 2024 yalifika kama arobaini.

Yalikuwepo pia madudu, na shauku yangu hainifungi mdomo. Mwaka 2016 Wizara ya Fedha ya China ilitaja hadharani kampuni tano zilizojichotea ruzuku ya zaidi ya yuani bilioni moja kwa mabasi ambayo mengine hayakuwa na betri, na mengine hayakuwepo kabisa. Penye pesa ya bure wajanja hawakosi, Uchina kama Uswahilini. Na ushindani ulioachiliwa na misaada hii umeua wengi: WM Motor, iliyokuwa ikitajwa pamoja na wakubwa, iliomba kulindwa na mahakama mwaka 2023. Aliyenunua gari lake alibaki na simu kubwa yenye magurudumu ambayo hakuwa na hakika nani angeisasisha.

Basi. Tusikae huko, maana kuna basi linakuja.

Nenda barabara ya Zhongshan, upande kituo cha Gangding saa kumi na moja jioni, na kama unatoka Dar utahisi umefika Kimara! Guangzhou ilifungua njia yake ya mabasi ya mwendokasi Februari 2010, kilomita 22.5, na mwaka uliofuata ikapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu. Dar es Salaam tuliipata hiyohiyo mwaka 2018. Vituo katikati ya barabara, njia za mabasi peke yake, watu wamejaa. Tofauti ni masikio. Mabasi yanapishana kituoni na unasikia matairi na milango, ukisikia sana ni kengele. Harufu ya dizeli hakuna. Nilisimama pale kituoni nikaacha mabasi matatu yanipite kwa raha tu ya kuyasikiliza yakiondoka.

Hapa pana jambo la kuwapa moyo Watanzania, nalo halisemwi vya kutosha. Guangzhou haikuruka kutoka dizeli hadi umeme. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 jiji lilihamishia mabasi na teksi zake kwenye gesi, ile ya mitungi tunayopikia, hadi likawa na moja ya makundi makubwa kabisa duniani ya mabasi ya gesi. Likaitumia zaidi ya miaka kumi. Shenzhen, jirani, ilipomaliza kugeuza mabasi yake zaidi ya 16,000 kuwa ya umeme mwishoni mwa 2017, Guangzhou nayo ikafuata kwa kasi na maelfu yake. Kwa hiyo unapoona bajaji na teksi za Dar zimepanga foleni kujaza gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay, au mabasi ya gesi kwenye njia ya Mbagala, usidhani tumepotea njia. Hiki ni kituo ambacho Guangzhou ilishapita. Swali ni tutakaa hapo muda gani.

Teksi nazo! Ukiita gari kwa simu Guangzhou, uwezekano mkubwa litakuja Aion S. Aion ni chapa ya umeme ya GAC, kampuni ya magari ya serikali ya jiji lenyewe. Aion ilianzishwa 2017 na kiwanda chake kiko wilaya ya Panyu. Mnaona mzunguko? Jiji linatoa kibao, jiji lina hisa kwenye kiwanda, na teksi zinazokaa barabarani kutwa nzima zinakula umeme wa usiku ulio rahisi. Mkoa wa Guangdong hutoza umeme kwa saa: kuanzia saa sita usiku hadi saa mbili asubuhi bei inashuka, na madereva wanajipanga kwenye chaja saa ambazo wengine wamelala. Nilipanda Aion S nyingi. Siti ya nyuma ni pana kuliko nilivyotarajia, miguu yangu mirefu ikakaa bila malalamiko. Madereva wengine huachia kanyagio ghafla gari likajishika breki lenyewe kurudisha umeme kwenye betri, na tumbo la abiria linapanda juu. Hilo Wachina warekebishe.

Chaja ziko wapi? Kila mahali, na si kwa bahati. Mwaka 2015 Baraza la Serikali la China lilielekeza kwamba kwenye nyumba mpya za makazi nafasi zote za maegesho ama ziwe na chaja ama ziachwe tayari kufungwa chaja. Na kwenye maegesho ya umma nafasi za namna hiyo zisipungue moja katika kumi. Huo ni mstari mmoja wa maandishi kwenye waraka wa serikali. Nyaya na mabomba yanawekwa wakati fundi bado yuko kwenye jengo, wala hakuna anayekuja kupasua zege baadaye. Ghorofa zinazoota Kijitonyama ya Dar na Kilimani ya Nairobi leo, nani amezilazimisha?

Nikitaka kuwachosha ningewapeleka wilaya ya Huangpu, ambako Hyundai wamejenga kiwanda chao cha kwanza nje ya Korea cha mitambo ya hidrojeni, HTWO, au kwa EHang, ambao mwaka 2023 chombo chao cha kuruka kisicho na rubani kilipata cheti cha usalama wa anga. Kichwa changu hakina nafasi tena. Nimebaki na magurudumu.

Na nimebaki na wivu. Kuna kitu kimoja ambacho tumewazidi, na tunakaa kimya nacho! Zaidi ya nusu ya umeme wa China bado unatokana na makaa ya mawe. Wa Kenya, kama sehemu tisa katika kumi unatoka kwenye jotoardhi, maji, upepo na jua. Tanzania ina Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha mapema 2024. Gari hili likichajiwa Naivasha ni safi kuliko likichajiwa lilikozaliwa.

Serikali zetu nazo hazijalala zote. Kenya ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019, na mwaka 2023 ikaweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia magari, ya usiku ikiwa nusu. Kampuni ya BasiGo inaweka mabasi ya umeme barabarani Nairobi na mwenye matatu analipa kwa kilomita. Rwanda ilitoa misamaha ya kodi 2021, na tangu Januari 2025 Kigali haisajili tena pikipiki mpya ya petroli kwa biashara ya abiria. Na Ethiopia, Mungu wangu, Januari 2024 ilifunga mlango kabisa: gari la petroli haliingii nchini. Waethiopia wametumia mbinu ya Guangzhou bila hata bahati nasibu.

Sisi Dar tuna nini cha adimu cha kumpa mwenye gari la umeme? Namba za magari tunazo tele, hazitafaa. Nafasi ya kuegesha Posta na Kariakoo je? Siku ambayo gari la umeme litaegeshwa bure Kariakoo na la petroli lilipe mara tatu, mtaona foleni ya wanunuzi kabla tangazo halijakauka wino. Bajaji ya umeme iruhusiwe kuingia mitaa ambayo ya petroli imekatazwa. Hayo hayahitaji bajeti, yanahitaji tu ofisa mmoja asiyeogopa kelele.

Hukumu yangu, basi. MONA M03 kama gari: nalipatia nane katika kumi, nimekata kwa vitufe na kwa tumbo lake kukaa chini mno kwa barabara za Goba. Kibao cha kijani: kumi kavu.

Kwa wenye nauli mkononi, Maonyesho ya Canton, yaliyoanza 1957, hufanyika Pazhou kila majira ya kuchipua na ya vuli. Siku za kwanza, katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba, ndizo za magari na mitambo. Kabla ya kutoa arubuni, fungueni kifuniko cha kuchajia na mtazame tundu. Magari ya soko la ndani la China yana tundu la kiwango cha GB/T, na chaja nyingi za kasi zinazofungwa Nairobi ni za kiwango kingine, CCS2. Bila adapta mtachaji nyumbani tu, polepole. Usukani wa magari hayo nao ni wa kushoto. XPeng wanatengeneza G6 ya usukani wa kulia kwa Uingereza na Thailand, na Aion walifungua kiwanda Thailand mwaka 2024, kwa hiyo ombeni bei za matoleo hayo. Dhamana ya betri wauzaji waandike kwenye mkataba kuwa inafanya kazi Mombasa au Dar, si Guangzhou peke yake. Wakisema lugha ya skrini itabadilika ikifika, waambieni waibadilishe mbele yenu sasa hivi.